Bustani Inayoomba Msamaha

Hebu funga macho ufikirie bustani ya Wabuddha. Najua umeona nini: kokoto nyeupe zilizochorwa mistari kwa reki, mawe matatu makubwa, mti mmoja umepinda kama una mawazo, na hakuna mtu. Picha hiyo iko kwenye kalenda, iko ukutani kwa spa za Westlands, iko kwenye ile programu ya simu inayokusaidia kulala. Ina chanzo cha kweli. Pale Ryōan-ji, Kyoto, kuna mawe 15 yaliyopangwa juu ya kokoto, na watu wanasafiri nusu ya dunia kuja kukaa kwenye ubao na kuyatazama. Mimi sina noma na mawe. Noma yangu ni kwamba picha hiyo imetufanya tuamini bustani ya mahali pa mafungo hutokea yenyewe, na kwamba utulivu wake unatokana na kutokuwepo kwa mtu anayefanya kazi.

Hata huko Japani haiko hivyo. Saihō-ji, hekalu lingine la Kyoto, linajulikana duniani kwa kuvumwani, lile zulia laini la kijani unaloliona kwenye mawe ya mtoni. Mtawa Musō Soseki aliitengeneza upya bustani hiyo mwaka 1339, na kuvumwani hakikuwa kwenye mpango wake. Kilijiotea baadaye sana, wakati hekalu halikuwa na pesa wala watu wa kulitunza, unyevu wa mahali ukafanya yake. Leo kuna watu wanaofagia majani makavu juu ya hicho kilichoota kwa kusahauliwa, polepole, wasikichune, ili mgeni akifika aone kama hakuna aliyepita.

Kitabu ninachotaka tukiongelee hakifichi wafagiaji. Kinaitwa Gardening at the Dragon's Gate, kimeandikwa na Wendy Johnson, kilitoka mwaka 2008, kina zaidi ya kurasa 400, na ni nadra ukutane na ukurasa ambao hauna mtu ameinama. Johnson aliingia Green Gulch Farm mwaka 1975, akakaa hapo miaka kama 25, mingi yake akiwa mkulima wa bustani. Green Gulch ni shamba na kituo cha mafungo cha Wabuddha wa Zen kaskazini mwa San Francisco, Marekani, katika bonde jembamba linaloteremka hadi ufuo wa Muir Beach. Jina lake kama hekalu ni Joka la Kijani, ndiyo asili ya lile joka kwenye kichwa cha kitabu. Nusu ya kitabu ni mwongozo wa ukulima: mboji, miche, maji, magugu. Nusu ni historia ya mahali. Na nusu ya tatu ni mahubiri. (Niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini kuhesabu bado naweza.)

Nilikiokota kwa shaka. Mimi natoka kwa watu wanaolima, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuita kulima ibada. Kulima ni karo, ni unga, ni mgongo. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mahali watu wanalipa kwenda kupalilia ili wapone, kitu cha kwanza ninachosikia ni dharau, hata kama hakukusudia. Nilitaka kuona kama kitabu hiki kinaweza kunieleza kwamba kazi ya jembe ni njia ya kiroho bila mimi kuhisi nimetukanwa. Jibu langu ni kwamba kinaweza, lakini kwa sababu ambazo si zile zilizo kwenye jalada.

Tuanze na ardhi, manake hapo ndipo kitabu kina nguvu. Green Gulch ilinunuliwa mwaka 1972, kama ekari 115, kutoka kwa George Wheelwright, mmoja wa walioanzisha Polaroid pamoja na Edwin Land. Baada ya biashara ya picha, mzee aliamua kufuga ng'ombe wa nyama. Shunryu Suzuki, mtawa Mjapani aliyeanzisha San Francisco Zen Center, alikuwa amefariki Desemba 1971, yaani hakuiona. Waliohamia bondeni walikuwa wengi wao vijana waliojua zaidi kukaa kimya kuliko kushika sepetu. Walikuta ghala la nyasi za ng'ombe, wakaligeuza kuwa ukumbi wa kutafakari, na mpaka leo ndilo hilo. Walikuta udongo ulioshindiliwa na kwato. Walikuta upepo wa bahari unaolaza kila kitu, ukungu, na kijito kilichonyooshwa kama barabara ili malisho yapate nafasi.

Mwandishi mvivu angeanza hadithi siku Wabuddha walipofika, kama vile bonde lilikuwa limelala likiwasubiri. Johnson hafanyi hivyo. Anasimulia bonde kabla yao: mwamba, mto, Wamiwok wa Pwani, ng'ombe. Anasimulia pia kwamba walipoanza hawakuwa wanaumba chochote, walikuwa wanarekebisha kazi ya mtu mwingine, na wao wenyewe wakaharibu vingine. Ukisoma kwa makini utaona kwamba karibu kila hatua ya kuendeleza uwanja huo ni hatua ya kufungua kitu kilichofungwa. Kulegeza udongo. Kupanda miti ya kukinga upepo mahali palipoachwa uchi. Kurudisha mboji kwa ardhi iliyokuwa ikitoa nyama tu.

Sehemu nzuri zaidi ya hadithi hiyo haimo kitabuni, kwa sababu kilichapishwa mapema. Katika muongo wa 2010, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kukaa hapo, sehemu ya kile kijito ilirudishiwa mikunjo yake. Kijito cha Green Gulch humwaga maji yake katika Redwood Creek, na huko ndiko samaki wa jamii ya salmoni, koho na steelhead, hupanda kutoka baharini kuja kuzaa. Koho wa pwani hiyo wako hatarini kuisha. Mto ulionyooka unakimbiza maji kama bomba, na samaki mchanga hana pa kujificha. Ukikunja tena mto, maji yanapunguza mwendo, yanachimba vidimbwi, miti inaweka kivuli. Lakini mto unaojikunja unakula shamba, hilo mkulima yeyote atakwambia. Wakulima wa Zen walikubali kukatwa.

Kwetu neno kuendeleza likitajwa karibu na ploti lina maana moja: ung'oe miti, umwage simiti, uweke geti. Mtu akikwambia "nimeendeleza kile kipande changu cha Kitengela", hutarajii kusikia habari za samaki.

Halafu kuna Alan Chadwick, na hapa nakuomba uvumilie maelezo ya kuchimba kwa sababu hapa ndipo hadithi inaruka bahari. Chadwick alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1909, aliyewahi kuigiza Shakespeare jukwaani. Mwaka 1967 alianzisha bustani ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, na mwanzoni mwa Green Gulch akaja kuwaanzishia bustani. Hakuwa Mbuddha. Alikuwa mkali, mwenye kupiga kelele, na wanafunzi wake walimwogopa kama walivyompenda. Alirudi bondeni akiwa mgonjwa na akafia hapo mwaka 1980. Mbinu yake aliichota sehemu mbili: kwa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, waliotumia samadi ya farasi wa mjini kulima vipande vidogo sana, na kwa mafundisho ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924.

Inafanywa hivi. Unachimba mfereji wa kina cha sepetu moja, udongo wake unauweka kando. Ukifika chini unalegeza udongo wa chini kwa jembe la meno, kina kingine kama hicho, bila kuupindua. Unarudi nyuma hatua moja, unachimba mfereji wa pili, na udongo wake unajaza ule wa kwanza. Hivyo hivyo hadi mwisho wa tuta, halafu ule udongo uliouweka kando unafunga kazi. Ukimaliza una tuta lililolegezwa sentimita kama 60, limeumuka kama mkate. Mizizi inashuka badala ya kugombania nafasi pembeni, kwa hiyo unaweza kupanda miche karibu karibu, majani yake yagusane, yafunike udongo usikauke.

Kama umekulia upande wa Kitale unajua ninachoelezea. John Jeavons, aliyechukua mbinu za Chadwick na kuzipima kwa vipimo, aliziandikia kitabu mwaka 1974, How to Grow More Vegetables. Mbinu ikasafiri. Mwaka 1984 Manor House Agricultural Centre ikaanzishwa karibu na Kitale, na imekuwa ikiwafunza wakulima wadogo kilimo hicho hicho tangu wakati huo. Shangazi yangu wa Trans Nzoia alikipata kwa jirani aliyepita huko. Tuta lake la sukuma wiki liko nyuma ya jikoni, na kina chake alikipima kwa mkono wake mwenyewe, vidole hadi juu kidogo ya kiwiko. Hajawahi kusikia jina Chadwick. Zen kwake ingekuwa jina la duka la viatu.

Kwa hiyo tuna kitu ambacho mhakiki hakipati mara nyingi: tuta lile lile mara mbili. Moja liko chini ya kengele ya hekalu, lingine liko nyuma ya jikoni. Sepetu moja, kina kimoja, mboji ile ile ya tabaka kavu, tabaka bichi, samadi, udongo. Chochote kilichobaki ukiondoa hayo, hicho ndicho cha Kibuddha. Au ni cha kitabaka. Lazima tuangalie ni kipi.

Nilimuuliza shangazi huwa anafikiria nini akichimba. Alinitazama kama mtu anayetafuta dalili za malaria.

"Mwanangu," akasema, "nafikiria mgongo."

Nimesoma Johnson nikiwa na sentensi hiyo mfukoni, na mara nyingi kitabu kimeshindwa mbele yake. Kuna kurasa ambapo kila kiazi kina somo na kila jani lina hekima. Anapenda vivumishi kama watoto wanavyopenda peremende. Anaweza kuanza na jinsi ya kunoa sepetu, jambo la maana sana, na kabla hujakamata anakuwa ameshaingia kwenye moyo wa ulimwengu. Mhariri angemkata kurasa 100 na kitabu kingekuwa bora, na ninasema hivyo kama mtu ambaye wahariri humkata kila wiki.

Lakini kuna sehemu moja ambapo shangazi hana jibu, wala mimi. Ni pale wanapoua.

Amri ya kwanza ya Wabuddha ni kutoua. Sasa weka amri hiyo shambani. Bonde la Green Gulch lina gofa, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayeishi chini kwa chini na kufanya kazi ya fuko wetu: leo una mche wa lettuce, kesho unauona ukitetemeka, halafu unavutwa chini kama soksi. Kuna konokono wasio na nyumba wanaotoka na ukungu. Kuna vidukari, kuna kulungu. Hata bila wadudu, kuchimba tuta moja tu kwa mtindo wa Chadwick ni kukata minyoo vipande, kuvunja nyumba za mchwa, kung'oa mimea mia ili mmoja ukae vizuri. Hakuna bustani isiyoua. Bustani isiyotumia dawa huua kwa mkono, ndiyo tofauti pekee.

Watu wa dini wanaweza kutoka kwenye kona hiyo kwa njia mbili za aibu. Ya kwanza ni kumwajiri mtu mwingine aue, wewe ubaki msafi. Ya pili ni kusema minyoo haina roho ya maana. Johnson hachukui hata moja. Hafichi kwamba bustani yake imeua, na kwamba mikono iliyoua ni yake. Na Green Gulch wamefanya jambo ambalo lilinisimamisha: wana ibada ya kuwakumbuka mimea na wanyama waliokufa kwa sababu ya bustani. Wanakusanyika, wanawataja, wanawaomba msamaha. Johnson aliandika maneno ya ibada hiyo kitambo kabla ya kitabu hiki.

Mara ya kwanza niliposoma habari hizo nilicheka. Nikafikiria: bas, rahisi hivyo? Unategea panya Jumamosi, unamwombea Jumapili, Jumatatu unarudisha mtego. Ni sawa na mwanasiasa anayelia kwenye mazishi. Lakini nilivyozidi kulifikiria jambo lenyewe, ndivyo kicheko kilivyoniishia, kwa sababu ibada hiyo haina ahadi ya kuacha. Hawasemi hatutarudia. Wanajua watarudia, lettuce inatakiwa sokoni. Kinachofanywa hapo ni hesabu: tumekula hiki, kimegharimu hawa, na waliogharimika tunawatamka kwa sauti mbele ya watu. Nimekulia karibu na nyanya (mboga, si bibi) zinazopulizwa dawa jioni na kupakiwa asubuhi yake. Katika mlolongo wote huo, kutoka bomba la mgongoni hadi soko la Wakulima, hakuna mahali ambapo mtu yeyote anasimama na kusema nani amelipa. Anayepuliza bila barakoa hatajwi. Nyuki hawatajwi. Mlaji hatajwi.

Hapo ndipo niliacha kuona kitabu kama dharau. Mtu anayeitaja bei ya lettuce yake hawezi kuwa anauza spa.

Sasa nije kwa bei nyingine, ambayo kitabu kinaitaja kwa sauti ya chini sana.

Zen ina hadithi maarufu kuhusu kazi. Baizhang, mtawa wa China wa karne ya 8, alizeeka lakini hakuacha kwenda shambani na wenzake. Wanafunzi wakamhurumia, wakamfichia jembe. Mzee akaacha kula. Hakula mpaka walipomrudishia jembe. Kutoka hapo ukajengwa utaratibu mzima wa kuifanya kazi kuwa sehemu ya mazoezi: unaamka alfajiri, unakaa kimya, unakula, unashika sepetu kwa makini yale yale uliyokaa nayo. Green Gulch wameishi hivyo tangu mwanzo. Kwa muda mrefu wamekuwa na wanagenzi wa shambani wanaokaa msimu mzima, wanatafakari na kulima, na kupata malazi, chakula na posho ndogo. Hata mgeni wa wikendi anaweza kujikuta amepewa jembe.

Naipenda hadithi ya Baizhang, lakini hakuna mtu aliyewahi kumfichia nyanya yangu jembe (sasa ni bibi, si mboga). Na angefichiwa, angeshukuru Mungu akalala. Tofauti kati yake na Baizhang haiko kwenye jembe. Iko kwenye uwezo wa kusema hapana na bado ule kesho.

Historia ya kituo chenyewe inaonyesha kwamba swali hili si wivu wangu tu. Mwaka 1979 San Francisco Zen Center ilifungua mkahawa wa Greens pale Fort Mason, mpishi wake wa kwanza mkuu akiwa Deborah Madison, na mboga za bondeni zikaenda moja kwa moja mezani kwa watu wenye pesa zao. Wanafunzi walihudumu, walipika, walilima, kwa posho. Mwaka 1983 mambo yakalipuka. Richard Baker, mrithi wa Suzuki, alijikuta katikati ya mgogoro juu ya mahusiano yake na wanawake na juu ya maisha yake ya gharama, likiwemo gari la BMW ambalo halikusahaulika, na hatimaye akajiuzulu. Michael Downing aliandika kitabu kizima kuhusu hayo, Shoes Outside the Door, 2001. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, kimoja kinakuambia kazi ni njia, kingine kinakuambia hasa kwa sababu kazi ni njia, ni vigumu sana kuuliza nani anakula faida yake. Mtu ukimlipa mshahara atauliza mbona haujaongezwa. Ukimlipa kwa maana ya maisha, akiuliza anaonekana hajakua kiroho.

Nilitaka Johnson, aliyekuwepo miaka hiyo yote, akae hapo. Mwanamke anayeweza kukupa ukurasa baada ya ukurasa juu ya joto la rundo la mboji alikuwa na uwezo wa kunipa sura moja juu ya posho. Bonde lake lina mizizi, minyoo, mababu na mwezi. Daftari la hesabu sikuliona.

Nina sababu ya kulikazania. Mwaka juzi nilipata kibarua cha kuandika maneno ya tovuti ya nyumba moja ya mafungo kule juu, upande wa Tigoni. Pazuri kwelikweli. Waliniambia wanataka "kitu cha kizen hivi". Siku ya picha, mpiga picha aliwaomba watunza bustani wanne watoke kwenye fremu, kwa heshima kabisa, na wakatoka, wakasimama nyuma ya jengo la jikoni na reki zao wakisubiri ukimya wao uishe kupigwa picha. Nikaandika kuhusu bustani inayopumua. Pesa yangu ilikuja baada ya miezi minne. Ya wale wanne sijui huja lini.

Ndiyo maana, pamoja na malalamiko yangu yote, nasimama upande wa Green Gulch. Pale mtu mwenye reki ndiye picha yenyewe. Mgeni haambiwi aje aone utulivu, anapewa magugu. Kama lazima pawepo mahali pa mafungo, napendelea pale ambapo mkuu wa mahali ana udongo kwenye kucha. Hicho kidogo ni kikubwa kuliko vingi nilivyoona huku.

Na kwa kuwa nimetaja Tigoni, kuna jambo la ardhi ambalo siwezi kuliruka. Watu walioishi Tigoni walihamishwa na serikali ya kikoloni kupelekwa Lari, ili mahali hapo pabaki pa walowezi, na maumivu ya uhamisho huo yalikuwa bado mabichi Lari ilipowaka mwaka 1953. Leo ukipanda huko unapata mashamba ya chai, mabango ya nyumba za kupumzika, na hewa nzuri sana. Kwa hiyo nikisoma juu ya bonde tulivu, huuliza nani hayupo.

Johnson anawaheshimu waliotangulia. Mmoja wa walimu wake wakubwa bondeni, Harry Roberts, alikuwa amefunzwa tangu utoto na Wayurok wa kaskazini mwa California, na kupitia yeye kitabu kinajifunza kutazama mahali kabla ya kupagusa. Ni mafunzo mazuri. Ila kusujudia mababu ni rahisi kuliko kuketi na wajukuu. Wamiwok wa Pwani hawakuisha. Wao na Wapomo wa Kusini, chini ya jina la Federated Indians of Graton Rancheria, walirudishiwa kutambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 2000, miaka minane kabla ya kitabu kutoka. Bonde likisimuliwa kwa lugha ya urithi na mababu, msomaji wa mbali kama mimi anaweza kukifunga kitabu akidhani mababu hao hawakuacha mtu. Wanaoomba msamaha kwa gofa wana nidhamu ya kutosha kuomba mazungumzo magumu zaidi.

Kama utakipata kitabu (nakala yangu ni ya kuazima, mpya bei yake si mchezo), usianzie mwanzo. Anzia sehemu za mboji, halafu wadudu na wanyama, halafu ndipo urudi kwenye historia ya bonde. Mahubiri utayakuta njiani, yapite kama matuta ya barabarani.

Zile za mboji nilimsomea shangazi kwa simu, nikitafsiri papo hapo, tabaka kwa tabaka. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishoni alikuwa na pingamizi moja: huyo mama ana ukungu wa bahari, rundo lake linajimwagilia lenyewe. Huku Januari usipolifunika kwa majani ya ndizi linakauka katikati na kubaki takataka. Akataka kujua kama kitabu kinasema chochote kuhusu majani ya ndizi. Bado natafuta.